Behewa Lisilo na Sakafu

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Nina karakana ya chumba kimoja ghorofani, karibu na soko la Kariokor; ukipanda ngazi unafuatwa na harufu ya ngozi ya viatu kutoka chini, na ukifika juu unapokewa na harufu ya plasta. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakiona nyumba na mabehewa yangu madogo huniuliza nilisomea wapi, wakidhani nitataja chuo cha ng'ambo. Nilisomea vinywani mwa wazee. Mzee wa miaka sabini ukimpa meno meupe pe, soko zima litajua ameyanunua. Lazima uyatie rangi ya chai, uweke ukahawia kidogo karibu na ufizi, usage ncha ya lile analotafunia, ndipo mkewe aache kumcheka. Kitu kipya kisicho na maisha nyuma yake hudanganya vibaya, nami sipendi kazi inayodanganya vibaya. Kudanganya vizuri ni jambo jingine, na ndilo linalonifanya niandike.

Reli yangu ndogo niliianza kwa ubahili tu. Kila jioni plasta iliyobaki ilikuwa ikigandia bakulini naitupa, na mimi kutupa kitu kizima kunaniuma. Siku moja nikaimimina kwenye kifuniko cha sanduku la viatu. Ilipokauka nikachora mistari ya matofali kwa kile kisu ninachochongea nta, nikawa na ukuta. Ukuta mmoja peke yake unatia huruma, kwa hiyo nikatengeneza wa pili. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na nyumba, na sikuhitaji kujiuliza ni nyumba gani. Ilikuwa ile ya reli tuliyozaliwa ndani yake, chumba kimoja katika safu ya vyumba kumi, dirisha moja, bomba moja la maji uani la watu wote. Baba alipostaafu tulihamia Shauri Moyo, na baadaye safu ile ikabomolewa, hata mahali ilipokuwa sasa pana ukuta wa watu wengine. Mabati ya paa niliyapata kwa kukandamiza karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, juu ya meno ya kitana. Vipande vya reli na magurudumu nilivipata Gikomba, katika marobota ya mitumba yanayoleta vitu vya kuchezea vya watoto. Wauzaji hawakujua ni vya nini, nami sikuwaeleza, bei isije ikapanda.

Ubao wenyewe, wenye nyumba, bohari la mizigo na njia mbili za reli, niliuweka juu ya kabati refu sebuleni kwetu Shauri Moyo, chini ya dirisha. Tuliishi watatu humo: mama, mimi, na kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka minne. Baba alikuwa ameshafariki. Yeye alitoka magharibi akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, na kaka alimfuata katika kazi ileile. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni iliyosimama, kutoka mwanzo hadi mwisho, akigonga kila gurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu na kusikiliza linavyojibu. Gurudumu zima hulia, na lenye ufa hukohoa. Kazi ilipopungua naye akapunguzwa, akawa mtu wa kukaa nyumbani, kugonga vikombe kwa kijiko na kutuambia kipi kina ufa.

Behewa langu la kwanza la plastiki nililipaka rangi nyekundu ya udongo, likang'aa vizuri. Nilimwonyesha nikiwa na majivuno yangu yote. Aliligeuza kiganjani, akalipuliza, akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Siste," akaniambia, "hii behewa yako haijawahi beba kitu."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamwomba anifundishe, naye akanifundisha kuzeesha. Akaniambia kutu haianzi popote inapotaka, huanza chini ya mlango kwa sababu maji hukaa pale. Akaniambia vumbi la breki si jeusi kama watu wanavyodhani, ni la kahawia, na hurukia sehemu za chini tu. Behewa lililobeba saruji hutoa machozi meupe kwenye pembe za mlango. Lililobeba magadi huwa jeupe kwingine, weupe unaokula rangi. Mahali wapakiaji wanaposhika kila siku, rangi huisha na chuma huwa laini, cheusi, cha mafuta ya mikono. Alijua mabehewa kama mimi ninavyojua vinywa, na nadhani tangu aachishwe kazi hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote kuyahusu.

Tukawa tunafanya pamoja. Nilivunja matofali nikayasaga kwenye kinu cha vitunguu, mama akalalamika. Masizi niliyakwangua kwenye jiko. Ule waya wa kusugulia sufuria niliuloweka kwenye siki siku nne, ukatoa maji ya kutu halisi, si rangi. Ujanja mzuri kuliko yote ulikuwa wa chumvi: unapaka rangi ya kutu kwanza, unanyunyiza chumvi ikiwa bado mbichi, unapaka rangi ya behewa juu yake, kisha ikikauka unabandua chumvi kwa kucha, na pale ilipokuwa panafunguka kidonda cha kutu. Kaka alipenda kubandua. Alikuwa na mikono mikubwa mno kwa kazi hiyo, lakini alibandua polepole, ulimi nje.

Behewa la sita lilikuwa la wazi, lisilo na paa, la kubebea mawe na vyuma. La namna hiyo sakafu yake huonekana, na kaka alishikilia kwamba lazima iwe ya mbao kweli, mbao iliyopigwa. Mimi sikuwa na mbao nyembamba. Asubuhi hiyo nilikuwa nachelewa kazini, nikamwambia akinywa chai, kama hana kazi, afike Gikomba kwa maseremala aniokotee maranda mapana, yale marefu yanayotoka chini ya randa. Akasema sawa. Akavaa koti lake la kazi, la buluu, lililofifia mabegani. Mama alimwambia apitie nyanya. Akatoka.

Hiyo ni miaka kumi na moja sasa.

Tulimtafuta kama watu wanavyotafuta. Tulikwenda kwa maseremala, na mmoja akasema alimwona, mwingine akasema ilikuwa siku nyingine. Tulikwenda vituo vya polisi, hospitalini, na kule kwenye vyumba baridi ambako nilimwambia mama abaki nje na yeye akaingia mbele yangu. Tulibandika picha. Watu walipiga simu kutuambia wamemwona sehemu tatu kwa siku moja. Hakukuwa na koti, hakukuwa na kiatu. Walio na ndugu aliyepotea watanielewa nikisema kwamba huzuni yake haikupata pa kukaa. Kila siku ilikuwa ikisimama tu mlangoni.

Mama alijua ni mimi niliyemtuma. Hakuwahi kunilaumu, hata siku moja, hata kwa jicho, nami nilitamani anilaumu ili nipate kujitetea. Behewa la sita nililiacha bila sakafu. Niliendelea kujenga vingine, tangi la maji, choo cha uani, miti ya nyuzi za katani, na vyote nilivizeesha kama nilivyofundishwa, lakini lile lilibaki mbele ya bohari likiwa limeshikana kwa kuta zake nne tu. Ukiliangalia kutoka juu unaona reli chini yake. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume, yake ndiyo yaliyokuwepo kuliko yetu.

Sasa kuna desturi lazima niieleze. Kwetu magharibi, mtu akipotea na mwili usipatikane, ukoo haumwachi hivyo hewani. Unasubiri muda, kisha unakatwa mgomba, shina lake linalazwa kama mtu, linaliliwa, linazikwa katika boma la kwao. Baada ya hapo aliyepotea ana kaburi, na walio hai wana ruhusa ya kuendelea. Baba mdogo, ndugu yake baba anayetunza boma, alikuja Nairobi mara tatu kwa ajili ya jambo hilo. Alikuja kwa heshima, na mara zote alileta ndizi na kuku. Alimweleza mama kwamba wanawe wadogo hawawezi kujenga wakati mkubwa wao hajulikani yuko upande gani, na kwamba hata yeye mwenyewe analala vibaya. Mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu neno lile lile.

"Shemeji, mkinionyesha hata kamba ya kiatu chake, nitazika. Bila hiyo sizikii mtoto mgomba."

Safari ya tatu ilikuwa mwaka jana, kabla ya mvua za masika. Baba mdogo alipoondoka mama alikaa kitini saa nzima na mikono mapajani. Amevuka sabini na tano, ana shinikizo la damu, miguu humvimba. Nilimwona amekuwa mdogo ghafla. Nilijua anaogopa kitu kimoja tu, kufa kabla ya kujua, na mimi niliogopa kitu kilekile kwa niaba yake. Sikuwa na msimamo kuhusu mgomba. Nilichotaka ni mama apumzike, kwa njia hii au ile.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafuta vumbi asubuhi. Nikaliinua lile behewa lisilo na sakafu, nikafuta chini yake, na bila kufikiri nikalirudisha si mbele ya bohari bali kwenye njia ya pili, karibu na nyumba. Nilikuwa nafunga viatu mama alipopita na kikombe chake. Akasimama. Akainamia ubao.

"Nani amesogeza hii?"

Neno "mimi" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliinua macho nikamwona uso. Sijui niueleze vipi. Ulikuwa umefunguka. Kwa miaka kumi sikuwa nimeuona hivyo, na aibu ya kuuzima ilinishinda.

"Sijui, mama," nikasema. "Mimi sijaigusa."

Aliweka kikombe chake kando ya ubao. Alibaki amesimama pale, na mimi nikaenda kazini nikiwa nimejaa hofu na, lazima niseme ukweli, furaha. Jioni nilimkuta akiimba jikoni, wimbo wa kanisa kwa lugha ya kwao, na ugali ulikuwa mkubwa kuliko wa watu wawili.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu ilikuwa ndefu, kwa sababu mwongo mwenyewe alikuwa fundi. Baada ya siku tisa nikalisogeza tena, kiasi cha urefu wa kidole. Safari hii nilifanya kazi safi. Nililishika kwa koleo ndogo za meno ili nisiache alama ya vidole juu ya vumbi. Pale magurudumu yalipokuwa yamesimama nikapuliza unga wa tofali kufunika. Reli inayotumika hung'aa juu na isiyotumika hushika kutu, kwa hiyo nikasugua ile njia ya pili kwa kitambaa, polepole, kuanzia lilipotoka mpaka lilipofika, ili ionekane limepita. Kila nilichofundishwa na kaka nilikitumia kumwigiza kaka. Nikawa mchawi wa nyumba yetu wenyewe, mchawi wa kwenda kanisani Jumapili.

Iliendelea hivyo kutoka mvua za masika mpaka karibu na vuli. Mama alikuwa akiamka kabla yangu na kwenda moja kwa moja kwenye kabati, hata kabla ya kuosha uso. Hatukulizungumzia. Aliweka tu kikombe cha tatu mezani, chenye chai, na mchana alikimwaga kwenye kopo la maua. Mwanzoni nilijiambia hakuna ubaya, mzee akipata faraja tunataka nini tena. Kisha akaacha kwenda kanisani, akiomba akina mama waje kusali nyumbani. Kisha akaacha kwenda kliniki. Nilimwandalia teksi, akavaa, akafika mlangoni, akageuka. Nilipomsihi aliniuliza kwa upole, akija akute mlango umefungwa? Dawa zilikwisha nikamnunulia kwa kukisia, zile za zamani. Miguu ilivimba mpaka kandambili zikakataa kuingia. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemfungia mama yangu ndani ya nyumba kwa kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole.

Niliamua kuacha. Nililisogeza mara ya mwisho mpaka mbele kabisa ya mlango wa ile nyumba yetu ndogo, nikidhani kwamba likishafika halina tena pa kwenda, na yeye ataridhika. Nikachora alama ndogo ya penseli kando ya gurudumu la mbele, ndogo kama ukucha wa sisimizi, ili nijue. Siku kumi na mbili halikutikisika. Mama aliangalia kila asubuhi, na mimi nikamwangalia akiangalia.  Wakati mwingine honi ya treni ilisikika kutoka upande wa Makongeni na sote wawili tungeacha kutafuna.

Asubuhi ya kumi na tatu nilipita na mswaki mdomoni nikaona alama yangu ya penseli iko peke yake.

Behewa lilikuwa limerudi nyuma, limeacha mlango, limesimama upana wa viganja viwili kutoka pale nilipoliacha. Reli haikuwa imesuguliwa. Vumbi juu ya kuta zake lilikuwa zima. Nikainama, na chini ya gurudumu la nyuma nikaona kipande cha kijiti cha kiberiti, kimekatwa kwa mshazari, kimesukumwa kati ya gurudumu na reli. Kilikuwa kimekaa barabara.

Nataka niseme wazi kwamba mimi si mtu wa mizimu. Ninashika meno ya watu waliokufa, jamaa zao huniletea wakiuliza kama yanaweza kurekebishwa yavaliwe na mwingine, na sijawahi kuota ndoto mbaya. Lakini asubuhi hiyo sikuthubutu kugeuka nyuma. Sikujua kijiti kile ni cha nini, lakini kilikuwa kimewekwa na mkono unaojua mabehewa. Nilihisi yuko nyuma yangu na koti lake, ameona yote, miezi yote ile niliyomwigiza, na amekuja kusahihisha kazi. Sikuogopa kwamba amerudi. Niliogopa kwamba amekasirika, na ana haki.

Mama alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ungo mapajani, akichambua kunde. Nilimwendea na mswaki mkononi, povu kidevuni, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikapiga magoti juu ya maganda.

"Mama, nimekukosea," nikamwambia. "Lile behewa ni mimi. Tangu masika, mara zote ni mimi nimekuwa nikilisogeza. Lakini ya leo si mimi. Naapa ya leo si mimi."

Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza lile tawi.

"Ya leo ni mimi," akasema.

Nilikaa chini juu ya maganda. Nadhani nilimuuliza alijua tangu lini, maana alinijibu hilo. Alijua tangu siku ya kwanza. Alipotoka magharibi akiwa bibi harusi, kitu cha kwanza baba alichomfundisha hapa mjini, kabla hata ya njia ya kwenda sokoni, kilikuwa kwamba asipite kamwe mbele ya behewa lililosimama kama halina kabari ya kulizuia chini ya gurudumu. Miaka thelathini alipeleka chakula kule kwenye mabehewa, kwanza cha baba, kisha cha kaka. Kila mara macho yake yalikwenda chini kwanza. Mtu wa reli hata akiliacha behewa dakika mbili akakojoe, huliwekea kabari. Mimi nilijua kutu, masizi na machozi ya saruji. Kabari sikuijua, kwa sababu kaka alinifundisha jinsi behewa linavyoonekana, na hilo lilikuwa jambo la jinsi linavyoachwa.

"Kwa hiyo nikajua si yeye," mama akasema. "Yeye hawezi kuacha behewa hivyo, hata akiwa nini."

Nilimuuliza kwa nini basi aliimba. Kwa nini kikombe cha tatu, kwa nini aliacha kliniki, kwa nini aliniacha niendelee na upuuzi ule miezi yote. Nilikuwa nimeanza kukasirika, mimi huwa hivyo, nikiona haya nakasirika. Alikuwa ameshika tawi jingine na sasa halichambui.

"Nilifikiri ni wewe hujakubali," akasema. "Wewe ndiye ulimtuma. Nikasema nikungojee." Kisha akaongeza kwamba hiyo si yote. Kujua alijua, lakini kila asubuhi aliamka na hamu ya kuona limefika wapi, na hamu hiyo hakuwa nayo tangu mtoto wake apotee, hakutaka kuiacha. Aliona aibu kumwambia mtu. Lilipofika mlangoni na kusimama siku kumi na mbili ndipo alipochoka. Hakuweza kulitazama pale mlangoni likiwa halina mtu ndani.

Nililia. Mama hakulia, alinifuta povu la dawa ya meno kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama nilipokuwa mtoto, akaniambia niinuke maganda yataniharibia sketi. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Lakini alinishika kifundo cha mkono na hakukiachilia mpaka chai ilipochemka, na asubuhi hiyo alimimina vikombe viwili.

Tulikwenda kliniki Jumatatu. Walimgombeza kwa miguu yake, akawasikiliza kwa adabu. Siku ya Alhamisi, nikiwa nimerudi mapema, aliniambia nimpigie baba mdogo na niweke simu kwenye spika kwa sababu masikio yake hayapendi kile kioo. Akamsalimia, akauliza habari ya ng'ombe, ya mahindi, ya kila mtoto kwa zamu yake. Kisha akamwambia mvua ikipungua wakate mgomba.

Baba mdogo alimwita mtu wa nyumbani aje asikilize. Ndipo akamshukuru, akamwita mama wa boma. Akaeleza nani ataitwa na nani atachimba. Halafu akauliza, kama kwa kuona haya, jambo ambalo kwa kweli lilipaswa kuulizwa, kwa sababu shina hukatwa kwa kimo cha mtu mwenyewe. Tangu kaka alipokwenda huko mara ya mwisho ni zamani. Alikuwa na urefu gani?

Nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Mimi hupima watu kwa kazi, na nyumba nzima ya utoto wetu nilikuwa nimeigawanya kwa sabini na sita, kipimo cha reli zangu ndogo, bila kukosea.  Nilikumbuka ulimi wake nje akibandua chumvi, nilikumbuka mikono, nilikumbuka koti lilivyofifia mabegani, na kimo chake kilikuwa kimeniponyoka kabisa. Mama naye alikuwa akitazama ukuta kana kwamba kimeandikwa pale.

Kisha akaniambia nichukue utepe wangu wa kupimia, nikapime mlango wa mbele, kutoka sakafuni mpaka juu. Nikapanda kiti, nikapima, nikamsomea baba mdogo ile namba kwa sauti, na huko nikamsikia akimwambia mtu aiandike.

"Ongezeni," mama akasema. "Alikuwa akiingia hapa anainama."